Mahari pa Mama

Jumamosi ile, saa moja asubuhi, Shigela alikuwa amesimama uani kwao Igoma akipiga pasi suruali ya kijivu anayoivaa kwenye misiba na vikao vya harusi. Mkewe Tereza alikuwa amekaa kwenye kigoda akisugua visigino kwa jiwe, kwa sababu jana yake binti yao Gladness alimpigia simu akamwambia kwamba huko wanakokwenda watu hutazama miguu kwanza, sura baadaye.

Walikuwa wanakwenda Lulu Siti, mji mpya wa starehe uliojengwa kando ya ziwa, mwendo mfupi tu kutoka Mwanza mjini. Ulikuwa na hoteli tatu, maduka manne ya miwani ya jua, minazi ambayo hakuna aliyeipanda ikiwa michanga, na mchanga mweupe ulioletwa kwa malori kutoka pwani ya bahari. Gladness alikuwa akifanya kazi huko kwenye chumba cha kufulia. Mfanyakazi aliyemaliza mwaka bila kuchelewa hata siku moja aliruhusiwa kuwaalika wazazi wake kwa siku moja, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, chakula cha mchana kikiwemo. Wenzake waliwaalika wazazi wao waje kupiga picha. Gladness alimwalika mama yake kwa sababu alijua anatafuta nini.

Tereza alikuwa anamtafuta mama yake.

Kabla ya Lulu Siti, pale palikuwa kijiji cha Nyamsoro, na Tereza alikulia pale, akaishi palepale na mumewe mpaka walipoondolewa. Miaka minane iliyopita walikuja watu na ndoo ya rangi nyekundu wakachora alama ya X kwenye kila kitu kilichotakiwa kuondoka: nyumba, vyoo, mipapai, makaburi. Minza, mama yake Tereza, aliyekuwa na miaka mitatu ardhini, alichorwa X dakika tano baada ya choo cha jirani. Watu wakaondoka. Makaburi nayo ikasemekana yamehamishwa, na Tereza akapewa karatasi iliyoandikwa: Buswelu, kaburi namba thelathini na moja.

Sasa, ukoo wa kina Tereza ulikuwa na jambo moja ambalo wenyewe waliliona la kawaida. Marehemu wao walikuwa wanaitikia salamu. Hawakuwa wasumbufu, hawakutokea watu wala kudai chochote; unasimama kaburini, unaamkia vizuri, unaitikiwa, mnaongea mawili matatu, unaaga. Kwa miaka mitatu Tereza aliongea na mama yake hivyo kila mwezi, mara nyingi kuhusu Gladness na shule, na mara moja moja kuhusu Shigela. Siku alipofika Buswelu na karatasi yake, alisimama mbele ya msalaba namba thelathini na moja akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," ilijibu sauti ya mwanaume.

Alikuwa Yassin, fundi baiskeli wa Nyamsoro. Alimweleza Tereza kwa upole kwamba yeye si mama yake, kwamba na msalaba ule hana ugomvi, ila kama ingewezekana kugeuzwa kidogo aelekee kibla, angeshukuru. Tereza alipeleka malalamiko yote mawili ofisini. Walimwandikia karatasi nyingine, safi kuliko ya kwanza, yenye namba ileile.

Kwa hiyo Minza alikuwa amebaki Nyamsoro, chini ya kitu fulani, na Tereza alikuwa na miaka minane bila mtu wa kumwamkia. Jambo hilo lilimuuma, na halikumuuma sikukuu kama lilivyomuuma siku za katikati ya wiki, anapokuwa na habari ndogo isiyofaa kumpa mtu mwingine. Alitaka kujua mama yake amelala wapi. Hakutaka zaidi ya hapo, na alijua kwamba nafasi ya kwenda kutafuta ndani ya uzio wa Lulu Siti angeipata siku moja tu.

Gladness aliwapokea nje ya geti, sare yake ikinukia sabuni, akawaonya kwa sauti ya chini.

"Mama, msitaje kaburi. Hapa mfumo hauna hilo neno. Ukiliandika linajifuta lenyewe."

"Sasa tuseme nini?"

"Semeni chochote kingine. Ila muwe makini, kinachoandikwa kwenye mfumo kinaletwa."

Hilo halikuwa tangazo la biashara. Lulu Siti iliendeshwa hivyo. Mama mmoja wa Dar es Salaam aliandika kwamba anapenda mawimbi, na tangu siku hiyo ziwa, kuanzia kwenye uzio kuja ndani, lilikuwa na mawimbi ya bahari, kujaa na kupwa, na chumvi kidogo. Bwana harusi wa Shinyanga aliomba mwezi mpevu kwa fungate lake. Ukakaa mpevu siku sita juu ya hoteli ya kati peke yake, na wazee wa msikiti mmoja wa Buzuruga wakakubaliana kutotazama upande ule mpaka mfungo uishe. Mchimbaji kutoka Geita aliandika kwamba amekuja kula bata, akiwa na maana ya kustarehe kama vijana wanavyosema. Alikuta bata mia moja na ishirini chumbani, akawala kwa siku nne bila kulalamika.

Mapokezi alikaa dada mmoja aitwaye Najat, mzaliwa wa Mwanza mjini aliyesomea ukarimu Dar, na kishikwambi chake mbele.

"Karibuni sana Lulu Siti. Madhumuni ya ziara yenu?"

Hapa inabidi ulimi wa Shigela uelezwe. Nyumbani kwake herufi r haikuwepo kabisa. Alialikwa kwenye halusi, na kila baada ya miaka mitano alipiga kula. Lakini utotoni alikuwa amechapwa na mwalimu kwa kosa hilo, na tangu hapo, akiongea na mtu nadhifu, alikuwa akiziondoa l zote na kuweka r, kwa heshima. Kadiri mtu alivyokuwa nadhifu, ndivyo r zilivyozidi. Na Najat alikuwa nadhifu mno.

Tereza alifungua mdomo, lakini Shigela alikuwa ameshavuta pumzi kama kichwa cha familia.

"Asante sana dada. Tumefurahi kufika Ruru Siti. Tunatafuta mahari pa mama."

"Mahari ya mama," alisema Najat huku akiandika, kwa sababu alifundishwa kwamba mgeni hasahihishwi, anaandikiwa vizuri tu. "Mama yupi?"

"Mama mkwe wangu. Minza, binti Shimba."

Tereza alimfinya mumewe ubavuni. "Baba Gladness, sema mahali."

"Ndiyo nimesema hivyohivyo. Mahari."

"Mfumo umekubali," alisema Najat, akawafunga bangili za plastiki za rangi ya chungwa, ambazo ndizo za wageni wa kutwa. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika kwenye maua. Tereza akaamua kwamba neno moja halitavunja mji.

Suruali ya kijivu iliishia hapohapo. Mavazi ya misiba hayakuruhusiwa ufukweni, akaelezwa Shigela, na suruali ikafungiwa kwenye kabati lenye ufunguo. Yeye akapewa bukta yenye maua makubwa ya zambarau na kandambili. Miguu ya Shigela haikuwa imeona jua tangu darasa la saba. Alitembea nyuma ya mkewe akiivuta bukta chini kila hatua tatu, na bukta, kwa kuwa ilikuwa na mpira, ikipanda kila hatua ya nne.

Walizunguka mji ule kwa utaratibu, kama watu waliokuja kukagua. Waliona safu ndefu za vitanda vimetolewa nje, watu wazima wamelala juu yake mchana kweupe.

"Wanahama?" aliuliza Shigela.

"Wanapumzika."

"Wametoka kufanya nini?"

Mhudumu akawaletea maji yenye vipande vya tango. Shigela aliyachungulia, akasema wamemwagia watu maji ya kachumbari, kisha akayanywa na kuomba mengine. Waliona bwawa kubwa la kuogelea na bwawa dogo la watoto, yote mawili hatua chache kutoka ziwani, na Shigela akataka kuelezwa kwa nini mtu atoke kwao, afike kwenye ziwa ambalo halina ng'ambo, halafu aingie kwenye beseni. Waliona msichana akipigwa picha na dafu. Dafu hilo hakulinywa, na alipomaliza alimpa mwenzake, naye akapigwa picha nalo. Dafu lilizunguka ufukwe mzima asubuhi ile likiwa limejaa.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali uliokatwa vipande vya mraba, vitatu, vikapangwa kwenye sahani kubwa na samaki mmoja, sato, aliyepewa jina refu. Shigela alivihesabu vile vipande, akaviweka pamoja, akavifinyanga upya kuwa ugali.

Tereza alikula kidogo. Alikuwa anatafuta mwamba. Nyamsoro ilikuwa na mwamba mkubwa mweusi ambao kila kitu kilielekezwa kwake: nyumba ya fulani iko juu ya mwamba, njia ya maji iko chini yake, na boma la babu yake, mzee Shimba, lilikuwa mkono wa kushoto ukiupa mwamba mgongo. Na kweli aliuona mwamba, akaukimbilia. Alipoupiga kofi ulilia kama pipa. Ulikuwa wa plastiki, na ndani ulikuwa na spika iliyoimba wimbo wa mapenzi. Mhudumu alimweleza kwamba ule wa zamani ulilipuliwa kwa sababu haukuwa na sura ya mwamba vizuri, na kwamba huu mpya huhamishwa kulingana na msimu.

Tereza alikaa chini ya mwamba unaoimba na akalia kidogo. Alikuwa na saa nne zimebaki, na hapakuwa na hata kitu kimoja cha kuanzia.

Saa nane na dakika kumi, wahudumu wakiwa wanagawa matikiti, ng'ombe tisa walitoka ziwani.

Walitoka kwa mstari, bila haraka, maji yakiwachuruzika matumboni. Wa kwanza alikuwa na pembe moja iliyovunjika. Walisimama mchangani, wakakung'uta masikio, wakangoja. Mgeni mmoja aliuliza kama hiyo ni sehemu ya burudani, akaambiwa ndiyo, akarudi kulala. Kijana wa huduma aitwaye Mhoja alikuja kwa mwendo wa kazi akiwa na ubao wa karatasi, akasoma namba kwenye bangili ya Tereza.

"Mahari ya mama, Minza binti Shimba. Ng'ombe tisa. Ni wenyewe?"

Tereza aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wenyewe. Minza aliolewa kwa ng'ombe tisa, wakaja bomani kwa baba yake, na mumewe alipofariki mapema alirudi kwa baba yake na binti mdogo mgongoni, akawakuta ng'ombe wake bado wapo. Tereza aliwakamua hao utotoni. Huyu wa pembe alikuwa anapiga teke ukimkamua kwa mkono wa baridi. Walikufa wote kabla hajamaliza shule.

"Ni wenyewe," alisema.

"Saini hapa. Na hapa."

Akasaini. Nyuma ya Mhoja alikuja mpishi mwenye kofia ndefu, kuuliza kama mahari wangependa yachomwe au yatengenezwe supu. Tereza akamwambia mahari hayaliwi leo. Mpishi akaandika hivyo na kuondoka.

"Mimi nimesema mahari," alinong'ona Shigela, r na l zikimchanganyikia, "siyo mahali."

"Umesema mahari."

"Ndiyo nilivyosema."

Ng'ombe wa pembe moja alianza kutembea, na wengine wakamfuata. Walipita katikati ya vitanda, wakapita kwenye kibanda cha juisi, wakapanda vigae vyeupe karibu na bwawa la watoto. Pale wakaingia, mmoja baada ya mwingine, kupitia mahali pasipo na mlango. Walijipanga kwa mduara. Mmoja akajikuna ubavu kwa kitu ambacho hakipo, juu chini, jinsi ng'ombe anavyojikuna kwenye gogo. Wa pembe moja alilala kwenye mlango usiokuwepo, kwa sababu ndipo alipokuwa analala siku zote, na kila asubuhi ilibidi asukumwe ili wenzake watoke.

Tereza akaliona zizi. Hapakuwa na mti hata mmoja, lakini zizi lilikuwa pale lote, na likishakuwepo zizi, kijiji kilichobaki hakikuwa na ugumu: nyumba ya babu pale kwenye kibanda cha taulo, jiko pale kwenye mzani wa kupimia uzito, njia ya maji ikikata ukumbi wa mikutano. Mama yake alizikwa nyuma ya zizi, hatua kumi na moja kutoka mlangoni mwa zizi ukilizunguka kwa kulia. Alikwenda mlangoni, akaomba radhi kwa ng'ombe, akaanza kuhesabu. Hatua ya saba aliingia majini na gauni lake. Hatua ya kumi na moja maji yalikuwa magotini, kwenye kona ya kina kifupi ya bwawa la watoto, karibu na bata wa plastiki.

Akainama kidogo, jinsi inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Minza kutoka chini ya vigae. "Umechelewa."

Tereza akakaa majini. Furaha ilimpanda, na mama yake, aliyekuwa na miaka minane ya maneno, hakungoja aongee.

"Haya maji yana nini? Macho yananiwasha."

"Ni dawa, mama. Ya kuua wadudu."

"Wadudu gani? Mimi niko peke yangu. Na hawa watoto ni wa nani? Wanapita juu yangu kutwa nzima na hakuna hata mmoja anayeamkia. Wengine wananikojolea." Akatega sikio. "Ng'ombe wangu nawasikia. Wametimia tisa?"

"Tisa, mama."

"Na yule pale mwenye miguu myembamba ni nani?"

Shigela alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa akiwa na bukta yake ya zambarau. Katika ndoa ya miaka ishirini na nane hakuwahi kukaa benchi moja na mama mkwe wake, hakuwahi kula mbele yake, na alimsalimia akiwa nyuma ya mlango. Alipoisikia ile sauti aligeuka na kukimbia kwa kasi ambayo Tereza hakujua kwamba bado anayo. Kandambili moja ilibaki. Walinzi walimwona mtu mzima akitikisa kabati la nguo akiomba suruali yake kwa machozi, na kwa sababu ombi hilo halikuwa kwenye mfumo, lilichukua nusu saa.

Wakati huo meneja alikuwa ameshafika. Aliitwa Elias, mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa, na cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Furaha ya Wageni. Alimpa Tereza mkono amsaidie kutoka majini, akampongeza kwa ng'ombe. Wageni walikuwa wamewapenda mno.

Tereza alimweleza yote kwa utaratibu: mama, Buswelu, Yassin, zizi, hatua kumi na moja. Elias alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. Hakutilia shaka hata neno moja, kwa kuwa Minza mwenyewe alikuwa akidakia kutoka chini alipoona binti yake anasahau kitu.

"Pole sana, mama," alisema Elias, na ilikuwa pole ya kweli. "Unaomba nini hasa?"

"Mfunge hii kona. Mtoe maji, muweke alama kwamba kuna mtu. Na mimi niwe nakuja."

Elias akatoa kishikwambi chake na kuandika: Kaburi, bwawa la watoto, kona ya kina kifupi. Neno la kwanza likajifuta. Akaliandika tena, likajifuta. Mara ya tatu aliandika herufi moja moja, polepole, huku Tereza akiangalia, na kila herufi iliondoka kabla ya inayofuata kufika. Alimgeuzia kioo aone mwenyewe kwamba hapakuwa na hila. Kilichobaki kilikuwa: bwawa la watoto, kona ya kina kifupi. Mfumo ukajibu kwamba eneo hilo lipo, ni safi, na limekodiwa kwa sherehe za kuzaliwa hadi mwisho wa Desemba.

"Basi andika mahali pa mama," alisema Tereza.

"Hilo limeshatumika. Limeletwa." Akaonyesha ng'ombe. "Kila mwaliko wa kutwa una ombi moja."

"Lilikosewa herufi."

"Naelewa. Lakini umesaini."

Alimpa alichoweza. Tereza aliruhusiwa kukaa kwenye kona ile mpaka saa kumi na mbili kasoro, bila kulipia taulo. Angeweza kurudi mwakani kama Gladness hatachelewa kazini hata siku moja. Na ng'ombe wangetunzwa vizuri sana, kwa kuwa tangu dakika ile walikuwa kwenye ratiba: kila Jumamosi saa nane, Ng'ombe wa Asili, baada ya mazoezi ya viungo na kabla ya muziki. Mhoja alikuwa ameanza kuwafunga bangili miguuni, za bluu, ambazo ndizo za wakazi wa kudumu. Ng'ombe walinyoosha miguu bila ubishi.

Tereza akarudi majini. Hapakuwa na la kufanya zaidi ya hilo, na muda ulikuwa unakwenda. Akakaa na mama yake wakaongea. Alimpa miaka minane yote jinsi ilivyomjia, bila mpangilio: Gladness alivyofeli kidato cha pili na alivyofaulu cha nne, jino alilong'olewa yeye mwenyewe, harusi ya jirani yao Kija, mvua iliyoezua kanisa. Minza aliuliza maswali madogo madogo ya mtu anayefahamu watu wote. Watoto wawili waliokuwa wakicheza karibu walifundishwa kuamkia, na mmoja aliamkia kweli, akaitikiwa, akaendelea na mpira wake.

Saa kumi na moja Shigela alirudi akiwa na suruali ya kijivu na shati lililofungwa vifungo vyote. Alisimama nyuma ya mwamba unaoimba, akaupa mgongo bwawa, akapiga makofi mawili mepesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Naomba radhi kwa yare ya mchana."

"Sijaona kitu," alisema Minza, kwa adabu.

Shigela alibaki palepale amesimama, mikono nyuma, kwa muda wote uliobaki, na kila mwamba ulipobadilisha wimbo alisogea hatua moja pembeni, akarudi.

Jua lilikuwa limeshuka na filimbi ya kwanza ya wageni wa kutwa ikapigwa. Waliovaa bangili za chungwa wakaanza kukusanya viatu. Minza alikuwa akiwasikiliza ng'ombe wake wakihema juu ya vigae.

"Mwanangu," alisema, "walipowatoa hapa, waliwapa mahali?"

Tereza alitazama maji. Walipewa karatasi ya kiwanja Buswelu, na kwenye kiwanja hicho walimkuta mtu na nyumba yake na karatasi yake, yenye namba ileile. Tangu hapo walikuwa wapangaji Igoma, vyumba viwili, na uani palikuwa pa watu sita, kuku hawaruhusiwi.

"Walitupa, mama."

"Pakubwa?"

"Pakubwa."

"Panafugika?"

"Panafugika, mama. Nyasi mpaka kiunoni."

Hakuwahi kumdanganya mama yake, akiwa hai wala baada ya hapo, na alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Afadhali," alisema Minza, na sauti yake ilikuwa imetulia kama ya mtu aliyekuwa na wasiwasi huo peke yake kwa miaka yote minane. "Basi hawa ng'ombe wasibaki hapa kwenye mawe. Ni wangu, nakupa wewe. Wapeleke nyumbani wakale. Leo wamechoka, waache walale. Lini utakuja kuwachukua?"

Ng'ombe wa pembe moja aligeuza kichwa kumtazama, bangili ya bluu ikiwa mguuni.

"Kesho asubuhi," alisema Tereza, akatoka majini, kwa sababu filimbi ilikuwa imepigwa mara ya pili.